Laki sita ya kwenye simu: bonasi ya kasino ilivyoingia kikao cha harusi

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya mdogo wangu wa kiume, na kwenye kazi hiyo nina sheria moja: ahadi haiandikwi upande wa taslimu. Mjomba akijaza laki tano kwenye kadi ya mchango tutampigia makofi, lakini ukumbi haulipiwi kwa makofi. Kwa hiyo bwana harusi mwenyewe alipoingia kikaoni Ipagala, hapa Dodoma, akaninyooshea simu, "Dada, andika laki sita na arobaini, hii hapa," nikamwambia aitume kwanza kwenye namba ya kamati. Haikutumika. Mpaka leo haijatumika.

Ilikuwa salio la kasino ya mtandaoni. Siitaji jina, matangazo yao mnakutana nayo wenyewe. Aliweka elfu hamsini, wakamwongezea elfu hamsini ya "karibu", akacheza sloti, ile michezo ya picha zinazozunguka, usiku kucha, akapata. Kuweka hela kulichukua sekunde. Kutoa, programu ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba masharti ya bonasi hayajatimia.

Nikapiga mwenyewe huduma kwa wateja, spika wazi, mwenye akaunti pembeni yangu. Akapokea kijana, sauti changa. Salamu yenyewe ya kukimbilia. Nikamweleza kwa upole, mwenye hela ni huyu hapa, tuna ukumbi wa kulipia, naomba utuambie hela inatoka lini. Akasema vigezo na masharti alivikubali. Nikasema sawa, sibishi, nisaidie kunielewesha. Akacheka! Kisha akaniambia: "Kwani mama, kampuni ndiyo inaoa?"

Jamani. Nina watoto wa umri ule. Angesema "haiwezekani" ningekata simu nikaendelea na shughuli zangu, maana mimi hela ile sikuihesabu tangu mwanzo. Lakini kuchekwa mbele ya kamati nzima, mwenyekiti ameshika kikombe chake cha chai anajikaza asicheke na yeye! Ndiyo maana nikakaa chini kusoma masharti yao yote, neno kwa neno, kwa hasira tupu.

Haya ndiyo niliyoyakuta. Hela inatakiwa izungushwe, yaani iwekwe dau tena na tena, hadi madau yafike mara 35 yake kabla ya kutolewa, na si bonasi peke yake, ni bonasi pamoja na ile uliyoweka. Laki moja mara 35 ni milioni tatu na nusu, na muda ni siku 7. Dau la sloti linahesabiwa lote, ila la ruleti, ule mchezo wa gurudumu na kipira, ni asilimia 10 tu, maana yake ukiweka elfu moja kwao imehesabiwa mia. Sasa chukua sloti inayorudisha 96 katika kila 100, ambayo kwa sloti si mbaya: kuzungusha milioni tatu na nusu, kwa wastani unawaachia 140,000. Wamekupa hamsini. Mweka hazina yeyote, hata wa kikoba cha watu kumi, angeirudisha karatasi hiyo mezani.

Kuna kingine watu hawakioni. Hela yako ndiyo inayotangulia kuchezwa, ya kwao inafuata. Kwa hiyo ushindi ulipokuja, ya mdogo wangu ilikuwa imeshaisha, na kila alichoshinda kikahesabiwa ni tunda la bonasi, kimefungwa. Akiikataa bonasi, ushindi wote unafutwa na yeye anabaki na sifuri.

Ila niseme ukweli, yote hayo yameandikwa, na kwa Kiswahili kinachosomeka. Leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo chini ya ukurasa, onyo la miaka 18 lipo. Hapo nilikuwa nimefika kuwapa nyota mbili, hata tatu, kwenye tathmini hii. Maana msimamizi wa ukumbi mmoja hapa mjini alitupandishia bei kwa mdomo tu, bila karatasi, eti Bunge la bajeti limeanza na wageni ni wengi. Wao bungeni wanajadili bajeti ya nchi, sisi Ipagala ya kwetu inatobolewa. Ukiwalinganisha na yule, kasino ni waungwana. (Wageni wetu wa Dar hawatusumbui, tangu treni ya SGR ianze 2024 kila mtu anajikatia tiketi yake. Wanaotuumiza kichwa ni wa Kondoa na Mpwapwa, hao wanataka Coaster.)

Halafu nikafika kipengele cha karibu na mwisho. Hata ukimaliza kuzungusha yote, kikomo cha kutoa ni mara 5 ya bonasi: 250,000. Basi ile laki sita na arobaini haikuwa laki sita na arobaini hata siku moja! Ilikuwa inang'aa tu pale juu, tarakimu kubwa za kijani, wakijua wenyewe kwamba laki tatu na tisini haitatoka kamwe. Na hiyo 250,000 bado kodi ya ushindi inaisubiri. Kwa nini wasiandike 250,000 tangu mwanzo? Nyota zote nimezirudisha, nimebakiza moja, nayo naiangalia kwa jicho baya.

Kwa anayecheza na hela ya vocha, kwa starehe yake, sina neno, pengine ataipenda. Ukitaka ushindi wako usifungwe, weka hela bila kugusa bonasi, kile kitufe cha kuikataa kipo, kidogo kama punje ya mtama. Kwa harusi, hapana. Na huyo kijana wa simu afundishwe kuongea na watu wazima.

Mdogo wangu aliendelea kuzungusha hadi salio likaisha, hata milioni moja hakufika. Kwenye daftari nimemwandika upande wa ahadi, laki sita na arobaini ile ile aliyoitamka mbele ya wazee, chini ya mjomba. Kikao ni Jumamosi. Ameambiwa aje na noti, simu aiache nyumbani.