Polisi wa baiskeli Birmingham, nawapa nyota 4 kati ya 5

Wengi hatuwahesabu polisi kama huduma ya kutolea maoni ila mimi kazini naenda kwa baiskeli na hawa jamaa wa West Midlands, mkoa wa England lilipo jiji la Birmingham, wamefanya kitu cha maana kweli, lazima niseme.

Mwaka 2016 walianzisha Operation Close Pass. Askari anavaa kiraia, anapanda baiskeli yenye kamera, anaingia barabarani kama mtu yeyote anayeenda zake job, afu dereva akimpita kwa kumbana anawapigia redio wenzake waliosimama mbele na gari linapigwa mkono. Dereva anashushwa anaonyeshwa mkeka umetandikwa chini, umechorwa baiskeli na ile nafasi ya mita 1.5 aliyotakiwa kuiacha, anaelekezwa hapo hapo. Aliyezidisha, huyo ni mahakamani.

Nilichopenda zaidi, kabla ya kuanza walikaa wakapitia rekodi za ajali wakaona tatizo kubwa ni madereva wasioangalia, hasa kwenye makutano, kwa hiyo hawakukimbilia kutuhubiria sisi habari za helmeti na viakisi, wakamfuata mwenye gari. Mwaka wa kwanza polisi wenyewe walitangaza waendesha baiskeli wanaouawa na kuumia vibaya wamepungua kwa asilimia 20. Yani dereva akishajua yeyote aliyeko mbele yake anaweza kuwa askari, anatupa nafasi wote.

Na video wanapokea. Kuna van ilinipita mpaka kioo chake kikakwaruza mkono wa jaketi langu, nikajaza fomu mtandaoni, namba ya gari, mahali, saa, nikaweka na klipu, basi. Ukipata tukio tuma mapema usilaze, maana mwenye gari anatakiwa atumiwe barua ya kusudio la kumshtaki ndani ya siku 14.

Nyota moja nimeibakiza kwa ajili ya watembea kwa miguu. Tangu Januari 2022 kanuni za barabarani huku zinamtaka dereva anayekata kona ampishe mtu anayesubiri kuvuka, sasa hapo nataka askari wa kiraia naye asubiri kuvuka kama mama mwenye mtoto mgongoni, asiyesimama akutane na wenzake kona ya pili.

Na nyumbani Dar hii inawezekana kabisa jamani, trafiki wetu na tochi za kupimia spidi wanazo barabara kuu, watoe wawili tu wavae kiraia wakavuke zebra za Morogoro Road saa watoto wanatoka shule.