Urojo wa Unguja, hapa Muscat

Nilifuata urojo tu, nikakaa saa mbili. Bibi mwenye mkahawa aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, akiwa na miaka saba. Bado anakukaribisha kwa Kiswahili cha Mji Mkongwe: "Karibu mwanangu, umekula?" Bajia zake kavu, zinavunjika mdomoni, rojo la embe mbichi lina ukali wa kweli, na chatini ya nazi haibaniwi. Mimi nilikuja juzi kutafuta kazi, mama yuko mtaa wa Ng'ambo, kule Unguja, anangoja pesa za mwezi. Bakuli lile lilinitoa machozi. Meza ya jirani wazee waliongea Kiswahili, wajukuu wakawajibu Kiarabu. Pilau ililetwa imepoa, walirekebishe hilo. Ijumaa wahi kabla ya swala, kachori huisha.