Baiskeli ya umeme ya bei nafuu: anzia kwenye betri

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hii iliyosimama hapa ni baiskeli ya umeme ya daraja la chini la bei, ile ambayo mtu anayetaka usafiri wa kila siku bila kujiingiza kwenye madeni ataiangalia kwanza. Mota iko kwenye gurudumu la nyuma, betri imelala kwenye bomba la chini la fremu, breki ni za diski zinazovutwa kwa waya, na gia ni saba. Nasema mapema ninachoamini: kwenye bei hizi unanunua betri, na unanunua kitu ambacho fundi wa baiskeli wa kawaida anaweza kukifungua. Rangi, skrini na taa, hayo yaje baadaye.

Sogeza macho hapa kwenye lebo ya betri. Imeandikwa volti 48, ampea-saa 13. Zidisha: 48 mara 13 ni wati-saa 624. Namba hiyo ndiyo tangi lako. Ukikanyaga pedali kwa bidii ya wastani kwenye barabara tambarare, baiskeli kama hii hula takriban wati-saa 10 kwa kilomita, kwa hiyo una kama kilomita 60. Ukikaa tu na kuvuta eksileta ya mkononi, inakula karibu mara mbili, na safari inakatika nusu. Milima, mzigo, upepo wa mbele na tairi lisilo na upepo wa kutosha vyote vinapunguza zaidi.

Sasa chukua hesabu hiyo uende nayo kwenye matangazo. Tangazo linasema kilomita 100, lebo inasema volti 36 na ampea-saa 10. Hizo ni wati-saa 360, yaani 3.6 tu kwa kila kilomita. Kwa kiwango hicho kazi kubwa unaifanya wewe kwa miguu. Kama lebo haina ampea-saa wala wati-saa, mimi siinunui hiyo baiskeli, hata ipendeze vipi.

Hesabu ya pili ni ya mota. Wauzaji wanapenda sana kuandika wati 1000. Tafuta kontrola, hiki kiboksi cha alumini kinachogawa umeme, usome ampea zake. Ikiwa ni ampea 15 kwenye mfumo wa volti 48, inayoingia ni wati 720. Hata betri ikijaa kabisa, ambapo hufika volti 54.6, unapata 819. Elfu moja itatoka wapi? Na kusema kweli wati 250 za kweli zinamtosha mtu mmoja mjini. Ndicho kiwango kinachoruhusiwa kwa baiskeli hizi Umoja wa Ulaya na Uingereza, msaada wa mota ukikoma kwenye kilomita 25 kwa saa, na watu wanafika kazini bila shida.

Kuhusu mahali mota inapokaa: iliyo katikati, penye pedali, hupanda milima vizuri kwa sababu inatumia gia zako, lakini ni ghali na inakula cheni. Iliyo kwenye gurudumu ni rahisi, na ikifa gurudumu zima linabadilishwa. Kwa bajeti ndogo chukua ya kwenye gurudumu.

Kuna jambo moja linalowashtua wanaopanda mara ya kwanza. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina sensa, yaani kifaa kinachotambua kwamba pedali zinazunguka, basi. Haijui unakanyaga kwa nguvu au kwa ulegevu. Ukianza kukanyaga, mota inaamka kwa kuchelewa kidogo halafu inakusukuma. Ukiacha, inaendelea kwa muda mfupi kabla ya kunyamaza. Ndiyo maana kila mkono wa breki una swichi ndogo ya kukata mota. Kabla ya kulipa, inua gurudumu la nyuma, washa mota, bana breki moja moja. Mota lazima ife papo hapo kwa kila upande.

Muulize muuzaji pia kama chaja, betri na kontrola zinapatikana peke yake, na kama magurudumu ni ya ukubwa wa kawaida ili tairi na tyubu visikusumbue. Tazama alama za usalama: EN 15194 kwa Ulaya, au UL 2849 inayokagua mfumo mzima wa umeme. Betri isiyo na jina la mtengenezaji wala alama yoyote, iliyofungwa kwa plastiki ya bluu tu, iache hapohapo.

Haya, umeshainunua. Kuitunza kwenyewe hakuna siri kubwa, ila betri ina masharti. Chaja ya mfumo wa volti 48 wenye seli 13 zilizofuatana hutoa volti 54.6, ya volti 36 hutoa 42. Plagi zake zinaweza kufanana kabisa, na ukichomeka ile kubwa kwenye betri ndogo unaihatarisha nyumba nzima. Andika kwenye chaja kwa kalamu nzito. Baada ya safari iache betri ipoe kabla ya kuchaji. Chaji ukiwa macho, mbali na kitanda, na usiiweke kwenye mlango unaotegemea kutokea. Kwenye baridi ya chini ya nyuzi sifuri usichaji kabisa, maana seli za lithiamu huharibika ndani. Kama unaiweka miezi bila kuitumia, iache ikiwa karibu nusu, pakavu na pasipo joto. Matumizi ya kila siku, kuishia asilimia 80 au 90 kunairefushia maisha, lakini mara mojamoja ijaze hadi mwisho, kwa sababu saketi nyingi za ulinzi zilizo ndani ya betri husawazisha seli zikishajaa.

Usioshe baiskeli kwa mashine ya presha. Maji hayo yanapenya kwenye beringi za gurudumu na kwenye plagi. Ndoo, kitambaa, basi. Kumbuka baiskeli hii ni nzito, nyingi zinapita kilo 20, kwa hiyo pedi za breki zinaisha upesi kuliko ulivyozoea. Ikibaki chini ya milimita moja, badilisha. Spoki za gurudumu la mota nazo hulegea. Zibane mbilimbili kwa vidole, ukikuta iliyolegea kuliko wenzake ipeleke ikazwe kabla haijakatika.

Na hapa naomba kamera isogee kabisa. Unaona hii nati ya ekseli, na nyuma yake washa, kile kipete bapa cha chuma, yenye jino linaloingia kwenye fremu? Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli yenyewe inasukumwa kuzunguka nyuma. Nati ikilegea, ekseli inageuka ndani ya mwanya wake kwenye fremu, na waya huu unaotokea katikati yake unasokotwa hadi unakatika. Kila ukitoa gurudumu kwa ajili ya pancha, rudisha washa ikiwa jino limekaa mahali pake, kaza pande zote mbili, halafu hakikisha waya unatoka ukielekea chini ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuingia ndani.

Tuje kwenye matatizo. Nataka usikie hili vizuri kwa sababu watu wanauziwa mota na betri mpya bila sababu: baiskeli ikikataa kwenda, anza na plagi na swichi.

Skrini ikiwa imekufa kabisa, angalia kama betri imewashwa na imekaa sawasawa kwenye kitako chake. Ichomoe, tazama vigusio vya shaba. Vyeusi au vilivyoyeyuka maana yake mguso ni mbaya, na hapo ndipo joto linapozaliwa. Kisha pima kwa multimita, kile kifaa cha kupimia volti. Betri ya volti 48 ikisoma 50 na kitu na baiskeli imezimika, shida iko mbele yake. Ikisoma sifuri, angalia fyuzi.

Skrini inawaka ila mota imekaa kimya? Karibu kila mara mimi naanza na mikono ya breki. Swichi yake ikikwama, kontrola inadhani unafunga breki muda wote. Chomoa plagi ya swichi moja, jaribu gurudumu likiwa juu. Kisha ya pili. Mota ikiamka, umempata mhalifu, na usiendeshe barabarani hadi swichi hiyo ibadilishwe. Kama eksileta inafanya kazi lakini pedali hazileti msaada, tazama kisahani chenye sumaku karibu na pedali: mara nyingi kimesogea mbali na sensa yake.

Mota ikitetemeka na kunguruma bila kuzunguka, nenda kwenye plagi ya mota karibu na gurudumu. Ina mishale miwili inayopaswa kutazamana. Ichomoe, angalia kama kuna pini iliyopinda au maji, ikaushe, ichomeke hadi mwisho. Bado? Zungusha gurudumu kinyumenyume kwa mkono, plagi ikiwa imechomekwa, halafu ikiwa imechomolewa. Likiwa zito mwanzoni na jepesi baada ya kuchomoa, iliyokufa ni kontrola. Mota yako ni nzima.

Ikizima mlimani na kuwaka tena ukipumzika, hapo kweli nashuku betri. Tazama skrini unapopanda: kipimo kikishuka ghafla kutoka kujaa hadi karibu na mwisho, kundi moja la seli limechoka na saketi ya ulinzi inakata. Hiyo ni kazi ya fundi wa betri mwenye vifaa. Usijaribu kuirekebisha mezani jikoni.

Chaja nayo: taa ya kijani haina maana kwamba betri imejaa. Inamaanisha tu kwamba umeme hauingii. Pima chaja peke yake kwanza, halafu betri.

Na betri iliyovimba, iliyopasuka, inayonuka kemikali tamu au inayopata joto ikiwa imekaa tu, usiichaji hata mara moja zaidi. Itoe nje, mbali na kitu chochote kinachoshika moto, na uipeleke panapopokelewa betri za lithiamu zilizokwisha. Kwenye pipa la taka usiitupe, kwa sababu ikibanwa na mashine ya kukusanyia taka inaweza kuwaka ndani ya gari.