Filamu za Hitchcock: uanze kununua ipi, na diski ya aina gani

Mwongozaji filamu Alfred Hitchcock alihama London kwenda Hollywood mwaka 1939, jina tayari analo. Yale makasha ya bei chee yenye filamu zake kumi au ishirini mara nyingi yamejaa kazi za Uingereza za kabla ya hapo, zilizotolewa kwenye nakala zilizochakaa: picha imefifia, sauti inakwaruza. Kasha likikosa Rear Window na Psycho, liache.

Angalia deki yako kabla ya kulipa. Diski nyingi hufungiwa kanda, yaani eneo la dunia zinakouzwa: Afrika Mashariki ni kanda ya 5 kwa DVD na kanda B kwa Blu-ray. Marekani ni 1 na A. Diski ya huko ikigoma, si mbovu, imefungiwa kanda. Diski za 4K, zenye picha kali kuliko Blu-ray, hazina kanda, ila zinataka deki yake: PlayStation 4 haizisomi, hata ile Pro. PlayStation 5 yenye sehemu ya diski inazisoma. Kama televisheni yako si ya 4K, Blu-ray inatosha kabisa.

Ya kwanza kununua ni Rear Window (1954, dakika 112). James Stewart ana mguu kwenye plasta, kazi yake kuchungulia majirani. Ua mzima, nyumba 31, ulijengwa ndani ya studio za Paramount. Ipime nakala yako hivi: mbwa wa jirani anapouawa, wote wanatokeza madirishani isipokuwa mmoja. Dirisha lake ni giza tupu, na ndani yake ncha ya sigara inawaka, inafifia. Kwenye faili lililobanwa kupita kiasi, giza hilo huwa mabaka ya kijivu na ile ncha humezwa. Ukiikosa, umekosa tukio lenyewe.

Ya pili ni Notorious (1946), ya nyeusi na nyeupe. Kwenye sherehe kamera inaanzia juu, inashuka polepole kupita wageni wote mpaka kwenye ufunguo uliofichwa kiganjani mwa Ingrid Bergman. Picha yake inakaribia mraba, kwa hiyo televisheni pana itaacha weusi pande mbili. Uache hivyo hivyo. Ukiivuta ijae, watu wanakuwa wanene. Ukiikuza, vichwa vinakatwa.

Wenye familia waanze na ya tatu, North by Northwest (1959, dakika 136), iliyotoka kwa 4K mwaka 2024. Ile ndege ya kunyunyizia dawa inapomkimbiza Cary Grant shambani, muziki hakuna mpaka ndege igonge lori. Spika hazijafa, usiongeze sauti, utashtua nyumba nzima.

Psycho (1960) naiweka ya nne kwa sababu wengi wameshasimuliwa mwisho wake. Kama hujasimuliwa, ipandishe. Tafuta toleo la 4K la 2020, lenye sekunde kadhaa zilizokuwa zimekatwa, yakiwemo mapigo zaidi ya kisu pale kwenye ngazi.

Vertigo (1958) ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo mbaya ya kuanzia: inakwenda taratibu, na siri inafichuliwa kabla ya mwisho. Mnunuzi mpya huiona imemharibia utamu. Ilipokarabatiwa mwaka 1996, vishindo vya nyayo na risasi vilirekodiwa upya, navyo husikika vya kisasa mno. Diski yako ikiwa na sauti ya mono (ya mkondo mmoja) kwenye menyu, chagua hiyo.

Kasha la 4K la studio ya Universal la 2020 lina Rear Window, Vertigo, Psycho na The Birds. Ukilipata kwa bei ya filamu mbili, chukua. Kasha la pili na la tatu la mfululizo huo yaache. Humo nunua Shadow of a Doubt na Rope moja moja, maana Topaz na Family Plot zitakaa kabatini na plastiki yake.