Tathmini ya mbeleko ya mikanda: je, inamsaidia baba ambaye mtoto wake anamtaka mama tu?

Mbeleko hii niliinunua Kariakoo kwa shilingi 65,000, si kwa sababu nyumbani tulipungukiwa kanga, bali kwa sababu binti yetu wa mwaka mmoja na nusu alikuwa hakubali kubebwa, kulishwa wala kulazwa na mtu yeyote isipokuwa mama yake. Muuzaji aliniapia kwamba mtoto akishaizoea atamsahau mama kabisa. Ahadi hiyo ipuuzwe, maana hata kama ingekuwa ya kweli, sijui ni mzazi gani angeitamani.

Kwa upande wa ushonaji sina lawama kubwa. Mkanda wa kiunoni ni mpana, hivyo uzito wa mtoto wa kilo 11 hukaa nyongani badala ya kuvuta mabega, na kikalio kinamfikia kutoka goti hadi goti, kiasi kwamba mapaja yameegemezwa na magoti yako juu kidogo ya makalio, kama inavyoshauriwa kwa afya ya nyonga. Kero ni mbili: kifungo cha mgongoni hakifikiki kwa urahisi ukiwa peke yako, na kitambaa ni kizito mno kwa joto la Dar es Salaam.

Kuhusu kazi niliyoinunulia, jibu langu ni kwamba inasaidia, lakini kwa sharti moja: mama asiwe machoni. Ndani ya nyumba ilishindwa vibaya, kwa kuwa mtoto alipomwona mama yake jikoni alijipinda na kulia hadi mama akaja kumchukua, na kila alipochukuliwa alizidi kujua kwamba kilio kinalipa. Mambo yalibadilika safari ya jioni ya gengeni ilipokuwa ya baba na mtoto peke yao. Alilia hadi getini, kisha akaanza kunyooshea kidole kuku na bodaboda, na siku zilivyokwenda akawa yeye ndiye anayeniletea mbeleko. (Jirani mmoja aliniuliza kwa upole kama mama mtoto amesafiri.) Usiku bado anamtaka mama yake, na hilo tumeliacha kama lilivyo.

Sababu ya mafanikio hayo haimo kwenye kitambaa. Uchunguzi wa Rudolph Schaffer na Peggy Emerson uliochapishwa mwaka 1964, uliofuatilia watoto 60 huko Glasgow, ulionyesha kwamba mtoto hashikamani lazima na anayekaa naye saa nyingi zaidi, bali na yule anayemwitikia na kushughulika naye, na kwamba wengi walipofika miezi 18 walikuwa wameshikamana na zaidi ya mtu mmoja. Kwa sisi tunaorudi nyumbani jua limezama, tena katika nchi ambayo sheria ya kazi inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi na baba siku 3, hiyo ni habari njema. Mbeleko inachofanya ni kumpa baba shughuli ya kila siku ambayo mama hawezi kuiingilia, huku mikono yake ikibaki huru kubeba nyanya na mkate.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Anayeinunua aijaribu dukani akiwa na mtoto mwenyewe, ajifunge bila kusaidiwa, na akipata yenye kitambaa cha wavu mgongoni aichukue hiyo, hata kama bei yake imezidi kidogo.