Uzoefu wangu: mwongozo wa Euro 1992 ambao bingwa hayumo

Kama unatafuta orodha sahihi ya vikosi vya Euro 1992, kombe la mataifa ya Ulaya lililochezwa Uswidi, usinunue jarida hili. Naanza na hilo ili mwenye haraka asimalize bando bure. Denmark, waliobeba kombe, hawamo. Hakuna ukurasa wao, hakuna picha ya kipa wao Peter Schmeichel, hakuna hata mstari unaodokeza kwamba watakuwepo. Mahali pao kuna kurasa nne za Yugoslavia.

Mimi nimelipenda. Ila kila mtu na haja yake, kwa hiyo nitaeleza nilichokuta ndani.

Ni ule mwongozo unaochapishwa kabla mpira haujaanza kuchezwa: ratiba, viwanja, makala za utabiri, na vikosi vya timu zote nane. Limetoka Uingereza, Mei 1992. Nimelipata kwa muuzaji wa majarida kuukuu wa mtandaoni kwa pauni 12. Binamu yangu anayeishi kule akalipokea na kunibebea alipokuja Dar likizo. Pini za katikati zimeshika kutu na kurasa mbili zimeachia. Harufu ni ya stoo, lakini rangi za picha bado ziko vizuri kuliko nilivyotegemea.

Muuzaji alitangaza kwamba halijaandikwa ndani. Limeandikwa. Kwenye ratiba ya Kundi la 1 mwenye nalo wa zamani ameikata Yugoslavia kwa penseli mara tatu na kuandika Denmark juu yake. Matokeo kayajaza kwa kalamu ya bluu hadi Juni 17, siku Uingereza ilipofungwa 2–1 na Uswidi, ikafunga virago. Baada ya hapo kalamu haikugusa karatasi tena. Jamaa hata fainali hakuijaza! Nilimlalamikia muuzaji, akanirudishia pauni 2 bila ubishi, tukamalizana.

Sasa kuhusu vikosi, ndicho nilichokifuata. Kwa vijana waliozoea mashindano ya siku hizi: mwaka 1992 timu zilikuwa nane tu, na kila moja ilisajili wachezaji 20. Jumla 160. Euro 2024 ilikuwa na timu 24, na kila kocha aliruhusiwa kwenda na hadi wachezaji 26. Kwa hiyo enzi zile kikosi kilikuwa kidogo kiasi kwamba unaweza kukisoma chote kabla chai haijapoa, na majeruhi wawili wa nafasi moja walitosha kumvuruga kocha. Jarida limechapishwa kabla ya orodha za mwisho kukabidhiwa, kwa hiyo baadhi ya timu zimewekewa majina zaidi ya 20, na nyota pembeni ya wale ambao mwandishi aliwaona wana uhakika. Nyota hizo ndizo burudani yenyewe.

Chukua Uingereza. John Barnes ana nyota. Tarehe 3 Juni, kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya Finland kule Helsinki, Barnes akakatika mshipa wa kisigino na safari ikaishia pale. Mabeki wa kulia, Lee Dixon na Gary Stevens, nao wapo kwenye orodha na wote wawili hawakucheza mashindano kwa sababu ya majeraha. Kocha Graham Taylor akabaki hana beki wa kulia wa asili: mechi ya kwanza akampanga Keith Curle, beki wa kati, na baadaye David Batty, kiungo. Paul Gascoigne alikuwa nje tangu goti lake lilipoumia kwenye fainali ya Kombe la FA ya 1991. Ukiisoma orodha ya Mei halafu ukakumbuka nani hasa waliingia uwanjani Juni, unaacha kushangaa kwa nini walifunga bao moja tu katika mechi tatu. Gary Lineker alikwenda na mabao 48 ya timu ya taifa, moja pungufu ya rekodi ya Bobby Charlton, na Taylor akamtoa kwenye ile mechi ya Uswidi. Hakuichezea tena nchi yake.

Ujerumani hivyo hivyo. Lothar Matthäus aliumia goti Aprili, na angalau hapa mhariri aliwahi kuligundua hilo kabla ya kwenda mitamboni. Rudi Völler ana nyota na picha ya ukurasa mzima. Akavunjika mkono mechi ya kwanza. Lakini ilikuwa Ujerumani ya kwanza iliyoungana kwenda mashindano makubwa, na kwenye orodha unawaona Matthias Sammer, Thomas Doll na Andreas Thom, watu walioichezea Ujerumani Mashariki miaka michache tu nyuma. Jarida linawapa aya mbili. Ningependa kurasa mbili.

Ukurasa unaovutia kwa namna ya ajabu ni wa CIS, yaani Jumuiya ya Madola Huru. Walifuzu wakiitwa Umoja wa Kisovieti, wakiwa wameiacha Italia nje, halafu Desemba 1991 nchi yenyewe ikavunjika. Walichokwenda nacho Uswidi ni timu ya jumuiya hiyo, isiyokuwa na wimbo wa taifa. Walipigiwa muziki wa Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Angalia majina: Tskhadadze wa Georgia, Aleinikov wa Belarus, Mikhailichenko na Oleg Kuznetsov wa Ukraine, wote hao chini ya kocha mmoja, Anatoliy Byshovets. Wakatoka sare na Ujerumani, sare na Uholanzi, kisha wakapigwa 3–0 na Uskoti na hadithi ikaisha. Timu hiyo haikucheza tena kamwe. Mhariri kaandika “timu ya kuogopwa” na sidhani alikosea sana. Tatizo lao halikuwa miguu.

Tuje Yugoslavia, maana hizo kurasa nne ndizo zilizonifanya nitoe pesa.

Jarida linawapa nafasi ya kufika nusu fainali, na ukitazama majina huwezi kulicheka. Red Star ya Belgrade ilikuwa imetwaa Kombe la Ulaya la klabu mwaka 1991 kule Bari. Dejan Savićević yumo, Vladimir Jugović yumo. Darko Pančev yumo kwa mbwembwe zote, kwa sababu ndiye aliyeongoza kwa mabao katika mechi zote za kufuzu, mabao 10. Kikosi hicho tayari kilikuwa kimepukutika: Croatia na Slovenia zilitangaza uhuru Juni 1991, na watu kama Robert Prosinečki, Davor Šuker na Robert Jarni, waliokuwa kwenye kikosi cha Yugoslavia katika Kombe la Dunia la 1990, walikuwa wameshaondoka. (Miaka sita baada ya jarida hili kutoka, Croatia ilikuwa ya tatu duniani na Šuker akawa mfungaji bora.) Hata baada ya kupungukiwa hivyo, bado ilikuwa timu ya kutisha.

Kocha aliyeandikwa ni Ivica Osim, mtu wa Sarajevo. Alijiuzulu mwezi huohuo wa Mei, mji wake ukiwa umezingirwa na mkewe akiwa bado ndani. Kwenye picha ya jarida anatabasamu kidogo, mikono nyuma. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi kuliko ukurasa mwingine wowote.

Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 757 la kuiwekea Yugoslavia vikwazo kwa sababu ya vita vya Bosnia, na vikwazo hivyo vikagusa hadi michezo. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikaitoa Yugoslavia, ambayo ilikuwa imeshatua Uswidi, ikawaita Denmark. Kwa nini Denmark? Kwa sababu walishika nafasi ya pili kwenye kundi lao la kufuzu, nyuma ya Yugoslavia kwa pointi moja. Hapa jarida lina kitu kizuri: jedwali zima la kundi hilo. Denmark walifungwa 2–0 na Yugoslavia nyumbani Copenhagen, kisha wakaenda kushinda 2–1 Belgrade. Na kwenye kundi hilohilo Visiwa vya Faroe waliifunga Austria 1–0, mechi ambayo mpaka leo Waaustria hawapendi kukumbushwa.

Kuna hadithi inayozunguka kwamba wachezaji wa Denmark waliokotwa ufukweni wakiwa na kaptula za kuogelea. Inachekesha, lakini usiinunue pamoja na jarida. Walikuwa na mechi ya kirafiki dhidi ya CIS iliyopangwa mwanzoni mwa Juni, na wengi wao walikuwa wamemaliza msimu hivi punde. Hawakuwa na maandalizi ya mashindano, hilo ni kweli. Hawakuwa wameoza pia.

Kwa kuwa jarida halina kikosi chao, niliandika mwenyewe majina 20 kwenye karatasi na kuichomeka pale kwenye kurasa za Yugoslavia. Makipa Schmeichel na Mogens Krogh. Nyuma kuna Sivebæk, Kent Nielsen, nahodha Lars Olsen, Henrik Andersen, Christofte, Piechnik. Kiungo John Jensen na Kim Vilfort wa Brøndby, na Henrik Larsen. Mbele Brian Laudrup, Flemming Povlsen, Lars Elstrup. Kaka yake Brian, Michael Laudrup, hayumo hata kwenye karatasi yangu: aliachana na timu ya taifa kwa kutoelewana na kocha Richard Møller Nielsen. Mei 20 alikuwa ametwaa Kombe la Ulaya na Barcelona, na mwezi mmoja baadaye wenzake wakatwaa la mataifa bila yeye.

Ukikiweka kikosi hiki pembeni ya kile cha Uholanzi kilichomo jaridani, unaona kilivyo cha kawaida. Uholanzi wana Van Basten, Gullit na Rijkaard wa Milan, Ronald Koeman aliyefunga bao la ubingwa wa Barcelona, na kijana wa Ajax anayeitwa Dennis Bergkamp. Nusu fainali ikaisha 2–2, Larsen akiwa kafunga yote mawili ya Denmark. Penalti: Schmeichel akaudaka mkwaju wa Van Basten, Christofte akapiga wa mwisho kwa hatua mbili tatu za kivivu, 5–4. Fainali Juni 26 kule Göteborg wakaifunga Ujerumani 2–0, Jensen na Vilfort. Vilfort alikuwa ameondoka kambini katikati ya mashindano kwenda kwa binti yake aliyekuwa akiugua saratani ya damu, akaikosa mechi ya Ufaransa, akarudi. Mtoto alifariki wiki chache baadaye. Hakuna mwongozo wa Mei ambao ungeweza kubeba habari kama hiyo.

Mapungufu ya jarida lenyewe sasa. Herufi za orodha ni ndogo mno. Mwenye macho ya umri wangu aandae miwani. Safu ya klabu ina makosa ya tahajia, hasa majina ya Ulaya Mashariki. Utabiri ni wa kishabiki: Ufaransa ya kocha Michel Platini, iliyoshinda mechi zote nane za kufuzu, imepewa kombe kabisa, na ikatoka hatua ya makundi bila ushindi hata mmoja pamoja na Papin na Cantona wake. Matangazo ya bia na viatu yamejaa. Kwenye habari za jezi kuna aya fupi kwamba majina ya wachezaji yataandikwa mgongoni, jambo lililokuwa jipya Euro. Ningetaka picha, hakuna.

Kwa sisi wa Tanzania Bara kuna ziada ya pekee. Mwaka 1992 hatukuwa na kituo cha televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu 1973, sisi tulisubiri hadi 1994. Mashindano haya wengi wetu tuliyafuata kwa redio na magazeti, hivyo majina tuliyajua kwa masikio tu. Brolin, Dahlin, Thern: nimewaona sura zao kwa mara ya kwanza kwa mpangilio wa jezi, namba kwa namba, kwenye kurasa hizi za Uswidi. Tomas Brolin nilimdhania mtu mrefu.

Nyota nne kati ya tano kama unakusanya au unapenda kusoma mashindano kama yalivyoonekana kabla ya filimbi. Nyota moja kama unataka kumbukumbu ya vikosi. Kwa hilo tafuta toleo lililochapishwa baada ya Juni 26. Pauni 12 ni bei ya haki kwa lililoachia kurasa, usizidi 15. Na kabla hujalipa mwombe muuzaji akupigie picha ya ukurasa wa Kundi la 1, maana matoleo yaliyofunguliwa sana huwa yamepoteza hizo kurasa nne, na bila Yugoslavia jarida hili ni matangazo ya bia tu.