Kihisi cha SDS011 kwa Hewa ya Nairobi: Bei Nafuu, Masharti Mengi

Kihisi cha SDS011, kipima chembe za vumbi na moshi hewani cha kampuni ya Nova Fitness ya China, ndicho kilichotumiwa kwa wingi na mtandao wa wananchi wapima hewa ulioanzia Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2015. Nilinunua viwili, nikavifunga ndani ya viwiko vya bomba la plastiki kama mtandao huo unavyoelekeza, kisha nikavitundika sako kwa bako kwenye roshani inayotazama Barabara ya Jogoo. Mnunuzi naye asichukue kimoja, kwa maana kikianza kupotoka hakutakuwa na cha kukisuta.

Ndani yake feni ndogo huvuta hewa, mwali wa leza huipitia, na mwanga unaotawanywa na chembe hugeuzwa kuwa mikrogramu kwa mita ya ujazo. Uzito basi hukisiwa tu, na shida huanzia hapo. Asubuhi za Julai, ukungu unapotanda, chembe hunyonya maji zikavimba, nacho kifaa huyahesabu maji hayo kama uchafu. Mtengenezaji mwenyewe ameweka kikomo cha unyevu kuwa asilimia 70, ambacho usiku wa Nairobi hukipita mara nyingi. Ndiyo sababu sioni maana ya kukinunua bila kihisi cha unyevu kando yake, ili vipimo vya saa hizo vitiwe alama na visichanganywe na vingine.

Moshi wa taka hukigusa upesi: jirani akiwasha rundo lake jioni, vihisi vyote viwili hupanda pamoja. Masizi ya dizeli yaliyo madogo kuliko mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hayaonekani kabisa, na vumbi zito la barabarani hukihadaa, hivyo namba yake ya PM10, yaani chembe za hadi mikroni 10, siiamini hata kidogo.

Leza imekadiriwa kudumu saa 8,000, ambazo hazitimizi hata mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo, kwa hiyo nimekipangia kipime kwa vipindi na kulala katikati.

Atakayetaka kulinganisha vipimo na mikrogramu 15 za PM2.5 (chembe za hadi mikroni 2.5) kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, hana budi kukiweka kihisi kwanza kando ya mtambo wa marejeo, yaani ule wa vipimo sahihi vya kulinganishia, hapa hapa Nairobi, wakati wa mvua na wa kiangazi pia, kwani masahihisho yaliyokokotolewa Ulaya hayaazimwi hivi hivi. Kwa kujua saa ya kufunga madirisha, sina malalamiko.